Maswali Yenu: Tamanend na mapatano yasiyo na karatasi

SWALI: Nimesoma kwamba Tamanend, mkuu wa Walenape, wenyeji wa mashariki mwa Marekani, alipatana na Mwingereza William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, mwaka 1682 chini ya mti. Ushahidi uko wapi? Na kama walipatana, mbona Walenape wengi leo wako Oklahoma?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mapatano ya Shackamaxon, ukingoni mwa mto Delaware, hayana hati iliyosalia, mwaka na mti tumevipata kwa mapokeo. Jina la Tamanend, hata hivyo, limo katika hati za ardhi. Tarehe 23 Juni 1683 alitia alama yake kumpa Penn ardhi iliyo kati ya vijito vya Pennypack na Neshaminy. Penn alikwisha kupewa nchi ile na Mfalme Charles II, lakini akawalipa wenyeji pia, na hapo ndipo amani ilipopata mizizi. Ununuzi wa Julai 1682 peke yake uligharimu bunduki 20, majembe 40, mashoka 40, visu 200 na pima 350 za wampamu, yaani shanga nyeupe na za zambarau zinazochongwa kwa magamba ya viumbe wa baharini. Barazani, neno zito lilikabidhiwa pamoja na mkanda wa shanga hizo. Mkanda unaohusishwa na mapatano ya Penn, wenye watu wawili walioshikana mikono, mmoja kavaa kofia, ulirudishwa Philadelphia na kitukuu chake mwaka 1857.

Udhaifu ulikuwa kwenye vipimo. Hati ya 1697 yenye jina la Tamanend inapima ardhi kwa mwendo wa farasi wa siku mbili za kiangazi. Kipimo hicho hufaa pale tu pande zote zinapokubaliana mwendo wenyewe ni upi.

Wana wa Penn waliutumia mwanya huo bila haya. Mwaka 1737 walitoa nakala ya hati waliyodai ni ya 1686, ya ardhi ya kutembea siku moja na nusu. Wakafyeka njia mapema na kukodi watu watatu wenye mbio. Wawili walishindwa, Edward Marshall akafika kama kilomita 100. Kisha mstari wa mpaka wa kurudi mto Delaware ukapindishwa kuelekea kaskazini-mashariki, na Walenape wakapoteza karibu kilomita za mraba 4,900. Ulikuwa wizi. Walisukumwa Ohio, Indiana, Missouri, Kansas, hatimaye Oklahoma. Wazao wao walidai mahakamani kipande kidogo cha ardhi hiyo. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza shauri lao.