Jibu: Kusomea joto la ardhini kunalipa?

Mkuu, umeuliza kama mwanao wa Mikindani akisomea joto la ndani ya ardhi atapata kazi au ataishia kupima visima. Atapima visima kweli, na ndiyo raha yenyewe! Kwa kawaida, kila kilomita moja ukishuka, joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 hivi.

Ila kipimajoto peke yake hakitoshi. Chovya mwiko na kijiko cha chuma kwenye uji unaochemka, halafu shika vyote viwili. Utajua kipi kitakuunguza kwanza. Miamba nayo iko hivyo, kwa hiyo vipande hupelekwa maabara kuona vinapitisha joto kiasi gani, ndipo unazidisha kiasi hicho na kasi ya joto kupanda kisimani, upate joto linalotoka ardhini.

Mwanafizikia Edward Bullard wa Cambridge alipima kwanza nguvu ya uvutano huku kwetu Afrika Mashariki, akachapisha 1936. Mwaka 1939 akatoa vipimo vya joto linalotoka ardhini Afrika Kusini. Wanasayansi walipokuja kupima sakafu ya bahari, walishangaa kukuta joto linalotoka chini yake karibu sawa na la bara.

Gesi kama yetu ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, watafutaji wake huuliza kwanza: mwamba uliiva, yaani ulipata joto la kutosha kutengeneza gesi? Hapo ndipo kazi ilipo. Fizikia tu asiikwepe. Wangu aliikimbia kidato cha tatu, sasa analia.