Wahusika Wangu Wanaelea: Je, Penseli Itanisaidia?

SWALI: Assalaamu alaykum, ndugu mshauri. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, na ninatengeneza katuni kwa kompyuta. Programu ninayotumia hujaza yenyewe picha za katikati, yaani zile zinazounganisha mkao mmoja na mwingine, lakini wahusika wangu wakitembea au wakibeba mzigo huonekana kama wanaelea. Rafiki yangu aliyesomea sanaa ananihimiza nichore watu hai kwa penseli. Je, mazoezi hayo yana faida gani kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye kompyuta? Tena nasikia kuwa vyuo vya ng'ambo huchora mtu aliye mtupu, jambo ambalo kwetu haliwezekani. Nifanyeje?

*Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Rafiki yako amekushauri jema, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Kompyuta hukokotoa njia ya kutoka mkao mmoja hadi mwingine, lakini haijui kwamba gunia ni zito. Uzito huo sharti uwemo ndani ya mikao unayoichagua wewe, na huwezi kuuchagua vyema ikiwa hujauzoea kwa macho.

Msimu wa karafuu ukifika, nenda bandarini ukamtazame hamali. Kabla gunia halijanyanyuka, miguu yake hutanuka, nyonga hushuka na shingo hutangulia mbele. Likishakaa kwenye bega moja, kiwiliwili huegemea upande wa pili, ili uzito wake na wa mzigo kwa pamoja uangukie kwenye nyayo. Kila anapokanyaga, goti hukunjika kidogo kuupokea uzito huo. Anayechora kwa kukisia humsimamisha hamali wima kisha akambandika gunia begani, na hapo ndipo mhusika anapoanza kuelea.

Chora kwa haraka: sekunde 30 kwa mchoro mmoja, halafu dakika 1, halafu 2. Uso uache kwanza. Anza na mstari mmoja unaotoka kichwani, ukapita mgongoni hadi kwenye mguu uliobeba uzito, kisha weka mabega na nyonga, ambavyo mtu akiegemea mguu mmoja huinama kwa pande zinazopingana. Usifute, ukikosea, chora mwingine pembeni. Haraka hiyo humlazimisha mchoraji kushika tendo zima kabla ya vidole na vifungo, na kwa mtu wa katuni tendo ndilo kila kitu. Picha za video za simu zitakusaidia kupima muda wa mwendo, lakini ukizifuatisha tu kwa karatasi nyepesi iliyowekwa juu yake, mkono utafanya kazi na jicho litalala.

Ama kuhusu utupu, usijitie dhiki. Ni kweli kwamba mwili usiofunikwa huonyesha viungo na misuli waziwazi, lakini wahusika wako watavaa nguo, na nguo nayo ina elimu yake. Mtazame mzee aliyekaa kitako barazani kwa kanzu: kitambaa hukazika kati ya goti na goti, na mikunjo yote huanzia pale mwili unapokishikilia, yaani begani, kiwikoni na gotini. Ukizisoma sehemu hizo, utajua mwili umekaaje chini yake. Omba ruhusa kwa adabu, hasa kwa akina mama, au wewe na wenzako mpokezane kukaa mbele ya wachoraji.

Wala hili si zoezi la wanafunzi peke yao. Mwaka 1932 studio ya Walt Disney kule Marekani ilimleta mwalimu Don Graham kuwafundisha jioni wachoraji wake, watu ambao tayari walikuwa kazini wakilipwa. Kwa ajili ya filamu ya *Bambi*, iliyotoka 1942, waliletewa hata watoto wa paa wawachore wakiwa hai. Nawe huko Pemba una ng'ombe wa gari na wa mchezo; wachore pia.

Utakaporudi kwenye kompyuta, chagua tendo moja, tuseme mtu kunyanyua ndoo ya maji. Lichore kwanza kwenye karatasi kwa mikao mitatu: anapoinama, ndoo inapoachana na ardhi, na anapokwisha kusimama, bega la upande wa ndoo likiwa chini na mkono wa pili ukiwa umetanuka. Mikao hiyo ndiyo uipe programu, nayo ijaze iliyobaki.