Rekebisha nyumba kabla ya kustaafu, usisubiri mkupuo

Shikamoo mwalimu. Umeuliza ukarabati nyumba sasa hivi ukiwa na mshahara au usubiri mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa mara moja ukistaafu ukifika miaka 60. Anza sasa, ila anza na paa. Pandisha fundi akague misumari ya bati na kenchi (mbao zinazobeba paa), maana mara nyingi bati lenyewe bado zima ila mpira wa msumari umekauka maji yanapita hapo hapo, hiyo unabadilisha msumari tu, fundi asikuuzie bati jipya bila sababu. Ukimaliza hapo ingia kwenye waya za umeme na chemba ya choo, rangi na tailizi zikae zisubiri kwanza.

Mkupuo usiupigie hesabu kubwa, tangu 2024 watumishi wengi wanapewa asilimia 40 ya mafao yao, inayobaki unalipwa kidogo kidogo kama pensheni ya mwezi. Kwa hiyo mkopo wa benki uishe kabla, na usichukue mwingine eti wa kumalizia fensi!!

Halafu nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, mapema ukaangalie michango yote imeingia na jina lako limefanana na la kitambulisho cha taifa cha NIDA, herufi moja tu inakuchelewesha. Barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini unazo?