Swali la lugha: Uhuru, mamlaka, himaya na dola

SWALI: Nafundisha uraia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Katika taarifa za habari husikia kwamba taifa fulani "limeingilia mamlaka" ya jirani yake, na siku nyingine kwamba "limeingilia uhuru" wake. Wanafunzi wameniuliza kama maneno haya yana maana moja. Wengine wameongeza enzi, dola, himaya na madaraka. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, uhuru na mamlaka huandamana katika sentensi nyingi, lakini kila neno lina kazi yake. Uhuru ni hali ya kutokuwa chini ya mwingine. Asili yake ni huru, neno ambalo pwani lilitumika kumtofautisha aliyejimiliki na mtumwa, na ndiyo maana hata leo twasema nchi "imepata" uhuru, kwa siku na tarehe inayojulikana. Mamlaka ni uwezo halali wa kutoa kauli ya mwisho juu ya nchi na watu wake. Mamlaka hushikwa, hutumiwa, hukabidhiwa na huingiliwa. Kwa hiyo askari wa nchi nyingine wakivuka mpaka bila ruhusa, ningeandika kwamba wameingilia mamlaka ya nchi ile. Uhuru ningeuacha kwa habari ya nchi inayotaka kutiwa tena chini ya utawala wa mwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao hauko mbali nanyi. Ukanda wa pwani ya Kenya, maili kumi kuingia bara, kuanzia Vanga hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 uliwekwa mikononi mwa Waingereza ili wausimamie kwa niaba yake, nao wakawa wanamlipa kila mwaka. Tangu hapo Mwingereza ndiye aliyeamua mambo, kuanzia ushuru hadi polisi, ilhali bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Kuanzia mwaka 1920 hata jina rasmi la Kenya lilibeba sehemu mbili, koloni kwa upande wa bara na himaya kwa upande wa Mwambao, na hali hiyo haikuisha mpaka makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoifanya pwani kuwa sehemu ya Kenya iliyokuwa karibu kupata uhuru. Mtu akiuliza nani alitawala Mwambao katika miaka ile, jibu ni Mwingereza. Akiuliza mamlaka yalikuwa ya nani kisheria, jibu ni Sultani. Kiswahili kinatuwezesha kuyasema yote mawili bila kuyachanganya, mradi tuyaheshimu maneno utawala na mamlaka.

Himaya, basi, kwa asili ni ulinzi: dola dhaifu inakaa chini ya ulinzi wa dola yenye nguvu na kuiachia angalau mambo ya nje. Zanzibar iliingia katika himaya ya Uingereza mwaka 1890, ikatoka tarehe 10 Desemba 1963. Siku hizi waandishi wengi husema himaya wanapokusudia eneo kubwa lililotekwa na mfalme mmoja, kama walivyofanya Warumi. Matumizi hayo yameenea na siwezi kuyaita makosa, ila mimi hupendelea milki kwa maana hiyo, ili himaya ibaki na maana ambayo historia yetu inaihitaji sana.

Milki inatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa mamlaka, miliki na malkia. Katika Kiarabu chenyewe neno mamlaka lina maana ya ufalme, yaani nchi ya mfalme. Waswahili tulilipokea, tukaliondoa kwenye nchi ya mfalme na kulipa maana ya uwezo wa kuamuru, lakini harufu ya kumiliki haikutoka. Ndiyo maana lilifaa sana Bunge la Tanzania lilipotunga, mwaka 2017, sheria ihusuyo mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake, ambayo pamoja na mengine inazuia migogoro ya maliasili hizo kupelekwa katika mahakama za nje. Neno uhuru lisingeweza kuibeba maana hiyo, kwa kuwa nchi ilikuwa huru zaidi ya nusu karne kabla ya sheria hiyo.

Madaraka yana kimo kidogo kuliko mamlaka. Daraka ni wajibu au kazi ambayo mtu amekabidhiwa, na aliyekabidhi anaweza kuwa bado yuko juu. Kenya ilipewa madaraka ya kujitawala kwa mambo ya ndani tarehe 1 Juni 1963, ikapata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Siku ya Madaraka na Siku ya Jamhuri zote huadhimishwa hadi leo, na majina yake yanafundisha tofauti hii vizuri. Tanganyika nayo ilikuwa huru kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, lakini Malkia wa Uingereza alibaki mkuu wa nchi mpaka jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962. Nchi huru, kwa hiyo, si lazima iwe jamhuri.

Enzi ni utukufu na nguvu za mtawala: kiti cha enzi, Mwenyezi Mungu. Leo hutumika zaidi kwa maana ya zama, na kwa mambo ya sheria halifai tena. Dola ni chombo chenyewe kinachoshika mamlaka, pamoja na jeshi, polisi na mahakama zake. Ndiyo maana vyama vya siasa husema vinataka "kushika dola".

Swali ambalo wanafunzi hawakuuliza, nami naliona kubwa kuliko mengine, ni mamlaka hayo ni ya nani ndani ya nchi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanza na jambo hilohilo katika kifungu chake cha kwanza. Rais, Bunge na Mahakama wanayatumia wakiwa wamekabidhiwa. Tafadhali liandikeni ubaoni kwa upatanisho wake sahihi: mamlaka ikiwa taasisi huchukua i-, kama "Mamlaka ya Mapato imetangaza", ikiwa ni uwezo wa kuamua huchukua ya-, na sentensi huwa "mamlaka makuu ya nchi yako mikononi mwa wananchi".