Rishikesh: Usiende Kama Nilivyokwenda Mara ya Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia. Mwezi ujao anampeleka baba yake Delhi kwa matibabu ya moyo, na kati ya upasuaji na kliniki ya mwisho watakuwa na siku kumi za kungoja tu. Ameona picha zangu za Mto Ganga pale Rishikesh, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini mwa India. Akaniuliza: "Dada, Rishikesh kuna vitu vingapi vya kuona, na je, siku mbili zinatosha?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hilo ndilo swali nililouliza mimi mwaka juzi, karibu kwa maneno hayo hayo, na jibu nililopewa lilikula pesa ambazo zingelipa chumba chetu cha Delhi wiki nzima.

Wengi wenu mnajua safari zetu za India zinavyoanza. Daktari wa hapa nyumbani anasema "mpelekeni nje." Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa usiku huo huo, harambee inaitishwa, ng'ombe wawili wanauzwa kwa bei ya hasara kwa kuwa mnunuzi anajua mna shida. Mama yangu ameuza omena (dagaa) soko la Kibuye, Kisumu, tangu sijazaliwa, na valvu ya moyo wake ilikuwa imechoka. Nilipata visa ya msindikizaji (visa moja ya mgonjwa inaruhusu wasindikizaji wawili, kwa hiyo kaka yangu naye alikuja), tukadungwa chanjo ya homa ya manjano, tukaondoka. Hiyo chanjo, kwa njia, mdungwe angalau siku 10 kabla ya kufika India, la sivyo mtajua uwanja wa ndege una vyumba vya karantini vya aina gani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sitausimulia.

Siku ya tisa kaka aliniona nimekonda kuliko mgonjwa, akasema nenda mahali, pumzika. Wakala mmoja karibu na hosteli yetu akaniuzia kifurushi cha siku mbili: Rishikesh, mji mtakatifu, daraja, hekalu, mto, yoga, sherehe ya taa, vyote. Ni kama kilomita 240 kutoka Delhi. Tulifika saa nne asubuhi macho yamevimba. Nikapelekwa kwenye daraja la Ram Jhula, nikapiga picha katikati ya pikipiki na ng'ombe. Nikaonyeshwa kwa mbali Lakshman Jhula, lile daraja la zamani lililofunguliwa mwaka 1930, ambalo siku hizi halipitiki kwa uchakavu. Nikapelekwa kwenye majumba yaliyoachwa ambako Beatles, wale wanamuziki wa Uingereza, walikaa mwaka 1968 kujifunza kutafakari. Kuta zenye michoro, nyani, tiketi ya mgeni iliyo ghali mara kadhaa kuliko ya mwenyeji. Nilitoka mle nikijiuliza mimi na hao vijana wa Liverpool tunahusiana wapi.

Jioni, kwenye ngazi za mtoni, mwanamume mmoja aliyevaa rangi ya machungwa alinishika mkono. Akanifunga uzi mwekundu, akanipaka doa kwenye paji la uso, akaniuliza jina la mama. Nikamwambia. Akalitaja jina la mama yangu juu ya yale maji mara tatu, vizuri kabisa, kuliko hata manesi wa wodini. Kisha akasema rupia 2,100. Kwa ajili ya mama.

Ungefanya nini? Nilitoa. Usiku nililia hotelini, na sikulilia zile rupia. Nilijiona nimemuuza mama yangu kwa mtu nisiyemjua. Na bado nikaweka picha mtandaoni nikiandika "nimepata amani." Uongo mtupu, na ninyi mkapiga laiki.

Wiki mbili baadaye mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Nipeleke huo mto." Daktari akaruhusu kwa masharti: asibebe kitu, asipande mlima, tusiwe mbali na hospitali kubwa. Hapo Rishikesh ilinishangaza kwa mara ya kwanza, maana ina hospitali kubwa ya serikali ya rufaa, AIIMS, palepale mjini. Tukakodi gari, tukasimama kila baada ya saa moja, tukafika jioni. Safari hii tulikaa usiku sita.

Tulilala upande wa Swarg Ashram, ng'ambo ya mto, kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea wageni wa nje. India mwenye nyumba ni lazima amsajili mgeni serikalini, na nyumba nyingi ndogo hazina huo usajili. Sisi tulikataliwa mara mbili tukiwa na mzigo mkononi na mgonjwa amekaa juu ya sanduku.

Asubuhi ya kwanza mama aliniamsha saa kumi na moja, kwa kuwa mchuuzi wa omena hajui kulala hadi jua litoke. Tukashuka mtoni na shuka la hospitali mabegani. Februari, baridi ya kuuma masikio. Na hapo, jamani, ndipo mji ulipokuwa! Ule niliouona mara ya kwanza saa nne asubuhi ulikuwa duka lililokwisha kufunguliwa. Huu wa alfajiri ni wazee wanaoshuka ngazi polepole, wanashika minyororo iliyofungwa pale kwa sababu mkondo una nguvu, wanazama mara tatu, wanatoka wanatetemeka huku midomo ikisema kitu. Wanawake wanachota maji kwa viganja na kuyarudisha mtoni kuelekea jua linakochomoza. Kengele moja, halafu nyingine mbali. Hakuna mtu aliyetuuzia kitu. Hakuna aliyetuuliza majina.

Mama aliingiza kidole cha mguu mtoni, akaruka. "Haya maji yametoka kwenye friji ya nani?" Nikamweleza kwamba yanatoka kwenye barafu za Himalaya. Akayatazama muda mrefu. Sisi tumezoea ziwa lenye gugumaji, maji ya uvuguvugu. Maji ya kijani yanayokimbia hivyo hatukuwahi kuyaona.

Kisha akaona samaki.

Lazima muelewe. Rishikesh hakuuzwi nyama, hakuuzwi samaki, hakuuzwi mayai, wala pombe. Mji mzima. Mama alikuwa siku ya pili bila samaki, na huyu ni mtu anayesema kuku ni mboga ya wageni. Sasa anatazama chini ya ngazi anaona samaki wanene, weusi mgongoni, wamejaa kama abiria wa matatu za Kondele saa kumi na mbili jioni. Wanaitwa mahseer. Na kando yake kuna bibi wa Kihindi anawarushia vidonge vya unga. Anawalisha! Mama akanigeukia, uso wote ni swali. "Wanawalisha ili iweje?" Nikasema basi tu, ni ibada yao. Akanyamaza. Halafu akamwendea yule bibi, akanyoosha kiganja, akapewa vidonge vitano, akaanza kurusha. Kila asubuhi baada ya hapo nilikuwa natafuta unga kabla ya kutafuta dawa zake. Siku ya nne alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba katika miaka 40 ya kuuza samaki hajawahi kumpa samaki kitu.

Hiyo ndiyo Rishikesh yangu. Haimo kwenye kifurushi chochote, na haina tiketi.

Mengine nayapitia haraka. Badala ya kuvuka daraja kwa miguu pamoja na pikipiki, kuna boti za mashine karibu na Ram Jhula zinazovusha watu kwa nauli ndogo, na ukiwa katikati ya mto unauona mji kwa pande zote mbili. Sherehe ya jioni ya taa pale Parmarth Niketan, ashram kubwa kando ya mto, ni nzuri, siwezi kusema uongo, ila mtaitazama kupitia simu ya mtu aliye mbele yenu. Sisi tulishuka kidogo kufuata mkondo, tukakaa kwenye mawe. Nyimbo zilitufikia kwa upepo, na zile taa walizoziachia wengine juu ya maji, vibakuli vya majani vyenye maua na karafuu maiti inayowaka, zikapita mbele yetu mojamoja. Nyingine zilikuwa zimezimika. Mama alikuwa anazihesabu zinazowaka.

Chakula: nendeni gurdwara (hekalu la Masingasinga) ya Hemkund Sahib. Ninyi nyote mmewahi kusimama Makindu mkienda Mombasa mkala dengu na chapati za Masingasinga bila kulipa, kwa hiyo hamna haja ya kufundishwa. Vua viatu, funika kichwa, kaa chini, kula, usibakize. Mama hakuamini. "Hata huku wapo?" Nikamwambia, mama, wale wa Makindu ndio walitoka huku India.

Na ongeeni na watu. Msiniambie hamjui Kihindi. Mama yangu darasa lake ni la nne, na alikaa kwa muuza chai mmoja saa nzima wakipeana maneno. Chai ni chai. Chapati ni chapati. Duka, yule akasema dukan. Gari, gadi. Sabuni, kalamu, kitabu, rangi, hesabu, vyote wanavyo. Mzee akawa anagonga meza kila neno likikubaliana. Huko wanamwita kila mwanamke mzima Mataji, yaani mama mheshimiwa, na mama yangu alilipenda jina hilo kiasi kwamba hadi leo ukimwita hivyo unapewa omena ya nyongeza.

Siku ya tano tulikodi gari tukaenda juu kufuata barabara ya Badrinath. Kilomita kama 25 kuna pango la Vashishta, Vashishta Gufa. Mama alibaki na dereva juu, nikashuka ngazi peke yangu. Ndani ni giza, taa moja ndogo mwishoni, watu wamekaa chini hawasemi. Nilikaa nadhani dakika 20. Nilimkumbuka yule mwanamume wa rupia 2,100, na hasira ikapanda tena, na hakuna kilichoitoa. Nawaambia ukweli kwa sababu wenzangu wanaoandika habari za usafiri wote hutoka mapangoni wakiwa wapya. Mimi nilitoka na miguu iliyokufa ganzi.

Tukaendelea hadi Devprayag, kama kilomita 70 kutoka Rishikesh. Hapo mito miwili, Bhagirathi na Alaknanda, inakutana, na ni kuanzia hapo tu ndipo mto unaitwa Ganga. Unaiona vizuri kutoka barabarani, rangi mbili zinakwenda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika. Dereva alituambia wenyeji wanaiita mama mkwe na mke wa mwana. Bhagirathi, yenye kelele, ndiyo mama mkwe. Mama alicheka hadi akashika kifua pale penye mshono, nami nikaogopa tumeharibu kazi ya daktari.

Sasa nasema na ninyi mnaopanga safari. Acheni kuuliza vitu vingapi. Ninyi si wakaguzi wa hesabu! Chagueni sehemu moja ya mto, mwende hapo hapo kila alfajiri, mpaka muuza chai aache kuwauliza mnataka nini. Kama mmepewa siku mbili tu, zote mbili zikae alfajiri. Msiende Julai na Agosti, mvua ni kubwa, mto unakuwa tope, na mahujaji wa Shiva, mungu wa Wahindu, wanajaa barabara zote. Mkifungwa uzi na mtu msiyemwita, ondoeni mkono kabla hajauliza jina la mgonjwa wenu. Jina la mgonjwa msilitoe. Nasema tena: msilitoe.

Na kwa wale watakaowaambia mmekwenda kuabudu sanamu, mimi nimepitia. Tuliporudi Kisumu, kikundi cha akina mama wa kanisa letu kilimwita mama kwenye kikao kwa sababu ya picha moja, yeye ameshika taa ya majani. Wale wale waliochanga elfu tano tano kwa upasuaji. Wakamtaka atubu mbele ya watu. Mama alisimama akasema, "Nililisha samaki." Akakaa. Tangu siku hiyo hajarudi kwenye uimbaji, na mimi nikisikia wanaimba Jumapili, sauti ya pili ikiwa imepwaya, nafurahi kidogo. Niombeeni. Lakini jiulizeni pia: Mungu wenu anaogopa mto?

Tulirudi na chupa ya maji ya Ganga, ya nusu lita, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye soksi tatu. Mzee wa Kihindi ambaye mama amekodi kwake stoo ya omena kwa miaka mingi ndiye aliyeagiza. Tulimpelekea dukani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka juu ya kabati la hesabu karibu na redio. Mama akamuuliza yeye alikwenda huko mara ya mwisho lini.

"Mimi nimezaliwa Kisumu," akasema. "Sijafika."

Mama akavuta kiti, akaketi, akaanza kumsimulia habari za samaki.