Barua kwa mwanangu aliye studio

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata na swali lako limeninyima usingizi. Unasema wenzako wa studio huko Nairobi wanakwambia nyimbo zako za mapenzi zimezoeleka, na ukitaka kutoa sauti za ajabu kama The Beatles, ile bendi ya Uingereza, sharti ulewe kwanza kama wao. Unaniuliza kama ni kweli.

LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mambo ya ajabu, walitumia, sikufichi. Lakini tazama wimbo wao "Tomorrow Never Knows" ulivyorekodiwa London, Aprili 1966. Paul McCartney, mmoja wao, alikuwa ameitoa kwenye rekoda yake ya nyumbani ile hedi, kichwa cha sumaku, inayofuta sauti ya zamani, ili sauti zirundikane moja juu ya nyingine. Akaunga ncha za utepe ukawa pete, ukazunguka bila kwisha. Studioni rekoda zikawashwa vyumba mbalimbali, mafundi wakasimama wameunyoosha utepe kwa penseli usilegee. Sauti ya mwimbaji wao, John Lennon, ikapitishwa kwenye spika inayozunguka. Geoff Emerick, fundi mitambo, alikuwa na miaka 20 tu.

Penseli, mwanangu! Wakumbuka dukani kwangu, ulivyokuwa ukikaa juu ya kreti la soda ukirudisha kaseti kwa kalamu? Siku moja utepe ulijipinda, mgongo ukageukia hedi inayosoma sauti, na Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarab, akawa anaimba kinyumenyume, sauti imefifia kama yuko chini ya maji. Nikataka kuutengeneza, ukanishika mkono: "Baba, iache." Ulikuwa na miaka saba. Ni dawa gani uliyokuwa umekula siku ile?

Machi 1967 Lennon alimeza LSD kwa makosa wakiwa kazini. Prodyuza wao, George Martin, hakujua kinachomsumbua, akampandisha juu ya paa la studio apate hewa. Wenzake waliposikia yuko wapi walikimbia kumteremsha, wakihofu ataanguka. Usiku ule hakuweza kuimba tena.

Mimi hofu hiyo naijua. Hapa Malindi nimewazika marafiki wawili niliosoma nao chuoni, unga umewamaliza. Mmoja alikuwa mpiga dumbaki ambaye sijasikia mfano wake tena.

Kubadilika sikukatazi, wallahi nakuombea. Juma Bhalo, mzaliwa wa mji wetu huu, alichukua mahadhi ya Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili, na mpaka leo harusini watu wanamlilia. George Harrison wa The Beatles naye, jina lake limeshaenea dunia nzima, alikaa chini mbele ya Ravi Shankar, bingwa wa India, kufundishwa sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, kama mwanafunzi. Wote hao walikuwa na masikio yaliyo macho.

Ijumaa nakutumia kifurushi kwa basi. Ndani mna kaseti ile ile, bado imejipinda, na rekoda yangu ndogo. Mpira wa rekoda nimeubadilisha. Hedi ya kufutia nimeifungua, iko kwenye karatasi pembeni, usiipoteze. Penseli nimetia mbili.

Mamako anakusalimu.

Babako