Kwa anayeanza kutathmini mifumo ya kufuatilia wagonjwa wakiwa nyumbani

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huanzia kwenye kifaa. Kinapima sawasawa? Betri inakaa? Maandishi yanasomeka? Si vibaya kuanzia hapo, ila usikae hapo sana. Namba hutoka mwilini mwa mgonjwa, ikapita kwenye kifaa, simu na mtandao, ikafika mbele ya muuguzi, kisha inatakiwa imrudie mgonjwa ikiwa uamuzi: ongeza dawa, njoo uonwe, endelea kama kawaida. Kwa ninavyoona mimi, mifumo mingi hufia kwenye kipande hicho cha mwisho, na ndicho ambacho ripoti za tathmini hukipitia juu juu.

Soma majaribio mawili ya wagonjwa ambao moyo wao hausukumi damu vizuri, na uyasome kwa pamoja. La kwanza ni Tele-HF, lililochapishwa Marekani mwaka 2010 likiwa na wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka kulazwa karibuni. Kundi moja lilitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mfumo unaojibu wenyewe na kueleza dalili na uzito. Baada ya siku 180, waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 52.3 kwenye kundi hilo, na asilimia 51.5 kwenye huduma ya kawaida. Hakuna tofauti ya maana. Lakini asilimia 14 ya waliopangiwa mfumo hawakuutumia kabisa, na kufikia mwisho wa jaribio ni asilimia 55 tu waliokuwa bado wanapiga angalau mara tatu kwa wiki.

La pili ni TIM-HF2 la Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 1,571. Vifaa havikuwa vya ajabu: mizani, mashine ya presha, kipimo cha umeme wa moyo, kipima oksijeni. Nyuma ya vifaa hivyo, hata hivyo, kulikuwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, kila siku. Vifo vilikuwa takriban 7.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11.3 kwa wasiofuatiliwa. Usikimbilie kukipa kituo sifa zote, maana wagonjwa nao walichaguliwa kwa vigezo vingine. Wenye sonona kali, kwa mfano, hawakuingizwa. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kati ya kifaa kipya na muuguzi wa zamu ya usiku, sitafikiri mara mbili.

Kutokana na Tele-HF, jizoeshe kuuliza: asilimia ya nani? Ukisikia kwamba "watumiaji hai" wamepata nafuu, rudi nyuma. Ni wangapi walipewa kifaa? Wangapi walituma kipimo hata kimoja? Wangapi bado wanatuma mwezi wa tatu? Anayeendelea kutuma kila siku mara nyingi ndiye yule yule anayekunywa dawa zake kwa wakati, na huenda angepona bila wewe.

Tahadhari pia na takwimu za kabla na baada. Wagonjwa huingizwa kwenye mfumo wakiwa wametoka tu wodini, yaani katika kipindi chao kibaya zaidi. Wengi wangelazwa mara chache zaidi miezi iliyofuata hata kama ungewagawia kalenda ya ukutani. Bila kundi la kulinganisha, huna cha kusema.

Halafu kuna hesabu ya kengele, ambayo ningependa uifanye kwa kalamu kabla hujaona mfumo wowote ukionyeshwa kwenye mkutano. Chukua wagonjwa 1,000, na 20 kati yao ndio wanaozidiwa kweli. Mfumo unakamata 9 kati ya kila 10 wanaozidiwa, na unanyamaza kwa 9 kati ya kila 10 walio salama. Unasikika mzuri. Utakamata 18, lakini utapiga kengele 98 za bure. Katika kengele 116, 18 tu ndizo za kweli. Sasa nenda ukakae na muuguzi anayezipokea, zamu nzima, uangalie ni ipi anaifungua na ipi anaifuta bila kusoma. Hakuna dodoso litakalokupa hilo.

Kuhusu usahihi wa kipimo chenyewe, nitasema machache kwa sababu miongozo ipo. Kwa mashine za presha, uliza kama aina hiyo hiyo, si ndugu yake, imepimwa kwa kiwango cha kimataifa cha usahihi wa mashine hizo, ISO 81060-2, na kama mikanda ya mkono inakuja kwa saizi mbalimbali. Kwa kipima oksijeni cha kidoleni, uliza kilijaribiwa kwa watu wenye ngozi ya rangi gani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba, pale kifaa kilipoonyesha kati ya asilimia 92 na 96, upungufu mkubwa wa oksijeni ulikuwa umejificha kwenye asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya 3.6 kwa Weupe. Kibali cha kuuzwa hakikuambii hayo.

Mwisho, ukimya. Kipimo kisipofika inaweza kuwa betri, inaweza kuwa bando limeisha, inaweza kuwa mgonjwa amezidiwa hawezi hata kusimama kwenye mizani. Kwenye uchambuzi, usiziruke siku hizo tupu kana kwamba hazikuwepo. Zihesabu na utafute sababu zake. Na kwenye mkataba, tafuta mahali palipoandikwa nani humpigia mgonjwa aliyenyamaza siku mbili, na kwa saa za kazi za nani. Usipopaona, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yako, si kwenye viambatisho.